Mdomo wa Bata na Mlango wa Mashariki

Tangu UNESCO ilipoiingiza rumba ya Kongo katika orodha yake ya urithi, Desemba 2021, makala za historia ya muziki huo zimekuwa nyingi, na karibu zote huanzia Kinshasa na Brazzaville zikaishia hukohuko. Humo mna sentensi inayorudiwa mfano wa aya ya sala: saksafoni iliingia Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1950, pale akina Benatar, wenye lebo ya Opika, walipomleta Léopoldville mpulizaji wa jazz wa Kibelgiji, Fud Candrix. Siku hizi imezaa mwenziwe. Nimeisikia kwa watu wanaoujua muziki vizuri: Kongo ilikuwa na bendi zilizojiita jazz, lakini jazz yenyewe haikuwa nayo, maana hakuna mpulizaji wake aliyepanda jukwaani peke yake, bila ngoma wala gitaa, akatoa albamu kama ile ya Sonny Rollins.

Niianze na Rollins, maana yeye hana ugomvi na mtu. Tarehe 19 Julai 1985 alisimama na saksafoni yake ya tena katika bustani ya sanamu ya Museum of Modern Art, New York, akapuliza karibu saa nzima mbele ya watu, naye yu peke yake. Milestone wakaitoa kwa jina la The Solo Album. Wakosoaji wengi hawakuifurahia. Walisema inarukaruka, inaokota vipande vya nyimbo za watoto na kuvitupa. Mimi naipenda kwa sababu hiyohiyo, kwani ndani yake unamsikia mtu akitafuta. Lakini tukumbuke alivyofika pale. Coleman Hawkins alikuwa amekwisha kurekodi "Picasso" peke yake mwaka 1948. Rollins mwenyewe aliacha majukwaa mwaka 1959 akawa anafanya mazoezi juu ya daraja la Williamsburg hadi 1961, na aliporudi alikuta kampuni za kumrekodi, vilabu vya kumlipa na santuri ndefu za kuingiza muziki wa dakika ishirini kila upande. Anayemwuliza mpulizaji wa Kongo albamu ya aina hiyo kwanza aulize hayo mengine yalikuwa wapi.

Mimi swali langu, saksafoni iliingia Kongo kwa mlango gani, linatoka Kasongo na Kabambare, miji ya Maniema, mashariki ya Kongo. Habari za Kasongo ya Tongoni, za Tippu Tip na mwanawe Sefu, za Livingstone aliyelala mgonjwa Kabambare miezi mingi kati ya 1869 na 1871, msomaji anazijua, sitazirudia. Nitadokeza jambo dogo tu. Adolphe Sax, mzaliwa wa Dinant, Ubelgiji, alizipambanisha ala zake na za wapinzani wake mbele ya umati wa Paris tarehe 22 Aprili 1845, ili jeshi la Ufaransa lizichukue. Tarehe 22 Aprili 1893 askari wa kamanda Dhanis, Mbelgiji naye, waliingia Kasongo. Ni sadfa tupu, lakini inakumbusha kwamba ala za Sax zilikusudiwa gwaride kabla ya dansi, na kwamba Maniema ya kusini iliwajua wanajeshi wa Ulaya kabla ya mtu yeyote kufungua studio Léopoldville. Daktari Hinde, Mwingereza aliyekuwa katika msafara ule, aliandika kwa kirefu juu ya magodoro ya hariri na michungwa aliyoikuta mjini. Kwa upande wa muziki msaada wake ni mdogo, kama ulivyo wa wageni wengi waliokuja kuhesabu mali.

Kitabu ambacho wanamuziki hawakisomi, pengine kwa kuwa kinakaa katika rafu ya siasa, ni Dance and Society in Eastern Africa cha Terence Ranger, kilichotoka 1975. Ranger anaifuata Beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi kwa sare, vyeo na mapulizo, tangu miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 hadi Dar es Salaam, Tabora, Nyasaland na migodi ya shaba. Sasa weka ramani ya Wamanyema, watu wa Maniema, juu ya ramani hiyo. Walikuwa Ujiji, walikuwa Tabora, walikuwa Dar es Salaam, ambako msikiti wao Kariakoo unaitwa hadi leo kwa jina lao. Wengine walivaa sare za Mjerumani. Septemba 1916 jeshi la Kongo liliingia Tabora, likiwa na askari na wapagazi waliovushwa kutoka mashariki ya nchi. Katika vita ile Wabelgiji walitumia wapagazi zaidi ya 200,000. Tabora wakati huo ilikuwa mji wa Beni. Haihitaji ujasiri kudhani kwamba waliorudi Kabambare na Kasongo walirudi wakijua jinsi watu weusi wanavyojipanga na tarumbeta zao bila bwana bendi Mzungu. Santuri ya kulithibitisha hilo haipo, kwa sababu waliorekodi santuri hawakuwa huko, na historia ya muziki wa Kongo imeandikwa kwa kufuata santuri.

Hapo ndipo ninapoachana na akina Candrix. Simdharau, alikuwa fundi, na kuja kwake kulizitamanisha bendi za Léopoldville sauti ya saksafoni, huo mdomo wa bata. Lakini mtazame Isaac Musekiwa. Huyu alizaliwa Rhodesia ya Kusini, akaingia Kongo kwa mlango wa Katanga, akakaa Elisabethville, kisha akapanda hadi Léopoldville na kupuliza katika African Jazz ya Kabasele. Mwaka 1957 alihamia OK Jazz ya Franco, akadumu humo miaka na miaka, huku wapulizaji wengine wakija na kuondoka. Jean Serge Essous wa Brazzaville, kiongozi wa kwanza wa OK Jazz, aliondoka mwaka huohuo. Aliyebaki akiishikilia saksafoni ya bendi kubwa kuliko zote ni mtu wa kusini, ambaye Candrix hakumfundisha.

Huko kusini saksafoni ilikuwa imekwisha kuwa mwenyeji. August Musarurwa wa Bulawayo, kiongozi wa bendi ya wafanyakazi wa Cold Storage Commission, alitunga "Skokiaan", na saksafoni yake katika wimbo huo ilivuka bahari. Mwaka 1954 Louis Armstrong aliurekodi Marekani. Kwa maneno mengine, wakati makala zetu zinamsubiri Mbelgiji ashuke kwenye ndege Léopoldville, Mwafrika wa Bulawayo alikuwa anaipelekea New Orleans kitu cha kuiga. Na kutoka Bulawayo hadi Elisabethville kulikuwa na reli tangu 1910. Katikati ya miaka ya 1950 reli ya Katanga iliunganishwa na ile ya Maziwa Makuu, inayopita Kabalo na Kongolo hadi Kindu, jirani na Kasongo. Njia ya garimoshi ndiyo njia ya gitaa na ya saksafoni, na garimoshi hilo halikuanzia Brussels.

Wanaoshikilia Candrix hunijibu kwamba Musekiwa hakurekodi chochote cha maana kabla ya kufika Léopoldville. Naam, angerekodi wapi? Lebo za Ngoma ya Mgiriki Jéronimidis, Opika, na Loningisa ya Mgiriki Papadimitriou, zote zilikuwa Léopoldville. Huko ni kumnyima mtu kalamu, kisha kumwambia hajui kuandika.

Ya 1964 nitayapita haraka. Waasi wa Simba waliishika Kindu mwezi wa Julai, kisha Fizi na Kabambare zikawa nchi ya msituni kwa miaka mingi, na mwenye gitaa au saksafoni aliyetaka kuishi kwa kazi yake alitazama ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alikwenda Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy. Huko alimkuta Michael Enoch, aliyeitwa Ticha kwa kuwafundisha wengi, mtu wa Zambia aliyepitia Dar es Salaam Jazz Band, bendi iliyokuwapo tangu 1932, na ambaye baadaye alipuliza saksafoni Mlimani Park. Mlango wa kusini tena. Na wapulizaji wa Dar es Salaam walirekodiwa Radio Tanzania, bendi nzima chumba kimoja, wimbo ukipigwa mwanzo hadi mwisho kwa mkupuo. Anayetafuta saksafoni ya Afrika Mashariki ikiwa hai, isiyopambwa baadaye, akazisikilize kanda hizo kabla ya kulalamika kwamba hatuna.

Santuri za zamani za Léopoldville zilibeba kama dakika tatu kila upande. Hata zilipokuja za mizunguko 45, wimbo uligawanywa, maneno upande mmoja na sebene, sehemu ya ala, upande wa pili, na katika sebene mwenye neno ni gitaa. Mpulizaji alipata nafasi ya kupenya, si ya kukaa. Kwa muda mrefu niliona kwamba jibu lote kwa wanaodai albamu ya mpulizaji peke yake liko hapo.

Lakini yupo Verckys Kiamuangana. Alizaliwa Kisantu mwaka 1944, akaingia OK Jazz 1963, na mwaka 1968, Franco akiwa Ulaya, aliwachukua baadhi ya wenzake wakarekodi kwa siri kwa jina lake. Franco aliporudi ukawa ugomvi, na mwaka uliofuata Verckys alikuwa na orkesta yake, Vévé. Ile hadithi kwamba James Brown ndiye aliyempa jina la "Mister Dynamite" siishughulikii. Kinachonishughulisha ni kwamba hapa yupo mpulizaji aliyepata kila alichokuwa nacho Rollins, na zaidi: lebo yake, studio yake, jengo la Vévé Centre alilolifungua Kinshasa mwaka 1978. Hapakuwa na Mgiriki wa kumpimia dakika. Mtu huyu alizitumia fedha na mashine hizo kuwarekodi vijana, Bella Bella, Lipua-Lipua, Empire Bakuba, na katika santuri zake mwenyewe alipuliza akiwa amezungukwa na magitaa, akiyachokoza na kuyajibu. Alifariki Oktoba 2022.