Udhibiti wa madirisha ya kompyuta

Udhibiti wa madirisha ni njia za kubadili ukubwa wa dirisha la programu na mahali lilipo kwenye skrini. Kikwazo chake cha siku nyingi ni wembamba wa ukingo unaoshikwa. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mmarekani Paul Fitts alionyesha kuwa shabaha ikiwa ndogo au mbali, muda wa kuifikia huongezeka; hata hivyo dirisha la kompyuta za Macintosh liliendelea kubadilishwa ukubwa kwa kuvuta pembe moja tu, ya chini kulia, hadi toleo la Lion la 2011. Windows 7, ya 2009, ilipata njia bora: dirisha likiburutwa hadi ubavuni mwa skrini, hujaza nusu yake. Kishale hakiwezi kupita ukingo wa skrini, hivyo ni vigumu kuukosa. Wapo wanaolalamika kuwa dirisha hunasa bila kukusudiwa. Lalamiko hilo lina uzito, ila linahusu wepesi wa kunasa, si kanuni yenyewe, na mipangilio huruhusu kuzima kunasa huko. Mifumo mingi ya Linux huenda mbali zaidi: ukishikilia kitufe kama Alt, dirisha zima hugeuka mshikio. Njia hiyo imejificha, ni kweli, na mgeni hataigundua kwa urahisi. Lakini ukingo wa kawaida unabaki palepale, kwa hiyo hapotezi kitu.