Uzi: Tunabishana kuhusu mashine ya skani, hatuulizi nani ameishika

Mjadala wa afya ukianza huku kwetu Kilifi, haupiti dakika kumi kabla mtu hajataja mashine. Mmoja anasema kaunti haina. Mwingine anasema zipo, zimefunikwa tu na shuka. Wa tatu naye: wacheni watu binafsi wafanye kazi, mbona Malindi mjini kliniki za skani zimejaa na akina mama wanajipeleka wenyewe? Nimesikia mabishano haya kila msimu wa kampeni tangu nikiwa shule ya upili. Leo nataka turudi nyuma kidogo tuone yametoka wapi. Sitaji chama wala mwanasiasa, kwa hivyo msinijie kwenye majibu na rangi zenu.

Altrasaundi haikuzaliwa hospitalini. Miaka ya 1950 daktari wa akina mama wa Glasgow, Ian Donald, alichukua wazo la viwandani, ambako mawimbi ya sauti yalitumika kutafuta nyufa ndani ya chuma. Mwaka 1958 yeye na wenzake, John MacVicar na mhandisi Tom Brown, wakachapisha matokeo yao katika jarida la The Lancet. Kisa chao kinachosimuliwa sana ni cha mwanamke aliyekuwa ameambiwa ana saratani isiyo na dawa. Mashine ikaonyesha ni uvimbe wa maji kwenye ovari, ukatolewa, akapona. Sasa angalieni hapo: kulikuwa na mtu aliyejua kuusoma ule mwangwi, na chumba cha upasuaji karibu. Bila hao wawili ile ingekuwa picha tu.

Kenya tulipoanza kutunga sheria za vifaa vya picha, hofu yetu ilikuwa mionzi. Sheria ya Kinga dhidi ya Mionzi ya 1982 ilikuja kwa sababu eksirei ikitumiwa ovyo inaunguza na kuleta saratani. Ilikuwa hofu ya haki. Lakini altrasaundi haina mionzi hiyo, ni sauti, na skani ya kawaida haijulikani kumdhuru mtoto. Hatari yake iko kwenye kusoma vibaya, au kutosoma kabisa. Na hatari ya aina hiyo haipimwi kwa kifaa cha ukaguzi.

Sasa, hizi kliniki binafsi zilitoka wapi? Watu huongea kana kwamba ziliota zenyewe kama uyoga. Zilitokana na maamuzi ya serikali. Mwaka 1965 serikali ilifuta ada ya shilingi 5 iliyokuwa ikitozwa wagonjwa wasiolazwa. Mwaka 1971 tume ya utumishi wa umma ikapendekeza wafanyakazi wa serikali waruhusiwe kuwa na biashara zao. Sheria ya 1988 ikawawezesha maafisa wa kliniki kupata leseni za kufungua vituo vyao. Desemba 1989 ikaja sera ya kuchangia gharama, ada zikarudi hospitali za umma. Zikasimamishwa mwaka uliofuata, zikarudishwa tena 1992. Yaani hospitali ya serikali ikaanza kulipisha, na mhudumu wake akaruhusiwa kufungua duka nje. Ndiyo maana mtu akiniambia "binafsi dhidi ya umma" huwa nacheka kidogo. Si ajabu ukakutana na mhudumu yule yule, asubuhi huku, jioni kule.

Halafu migomo. Madaktari waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016. Wauguzi nao wakagoma kuanzia Juni 2017 hadi Novemba. Mwaka 2024 madaktari wakatoka tena, kuanzia Machi hadi Mei, siku 56. Mimba haigomi. Katikati ya hapo Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo wa 2016 kwamba kila mjamzito apate angalau skani moja kabla ya wiki 24, ili umri wa mimba ujulikane na mapacha au kasoro zionekane mapema. Mwongozo mzuri. Ila ukimwambia mama lazima apigwe skani, na hospitali imefungwa, umemwelekeza wapi?

Dadangu alielekezwa huko huko. Aprili 2024, wiki kama 24, alienda kliniki moja Malindi (jina nitaliacha), akalipa 1,500. Chumba safi, jeli, feni, mtu mpole. Alitoka na picha na jibu la swali ambalo ukoo mzima ulikuwa unauliza: mtoto gani? Karatasi ilikuwa na mapigo ya moyo na tarehe ya kujifungua. Kuhusu kondo la nyuma limekaa wapi, hakuna hata neno moja.

Mwisho wa Juni akaanza kutoka damu, usiku, bila maumivu. Hospitali ya umma ikamrudia skani: kondo limeziba njia ya mtoto. Akapasuliwa usiku ule ule. Wote wawili wazima, alhamdulillahi. Nisiwe mwongo hapa: kondo lililo chini kwenye wiki ya 24 mara nyingi hupanda lenyewe, kwa hivyo hata msomaji hodari asingeweza kuapa nini kingetokea Juni. Lakini angeandika limekaa wapi, na kama liko chini angemwambia arudi karibu na wiki ya 32. Na dadangu angejua mapema kwamba damu kidogo tu, ni gari moja kwa moja hospitali. Sisi usiku ule tulipoteza karibu saa nzima tukisema labda ni uchungu wa mapema, ngoja kwanza.

Turudi kwa mashine, manake najua mtauliza. Februari 2015 serikali kuu ilitia saini mikataba ya miaka 7 ya kukodi vifaa vya hospitali, hospitali 98 nchi nzima, mbili kila kaunti na nne za kitaifa, makadirio ya awali shilingi bilioni 38. Vifaa vya picha vilikuwemo, altrasaundi ikiwemo. Kila kaunti ikakatwa milioni 95 kwa mwaka, baadaye ikapanda hadi milioni 200. Seneti ikaunda kamati maalum, na ripoti ya 2020 ikaeleza kuhusu vifaa vilivyokaa bure sehemu mbalimbali kwa kukosa wahudumu, umeme au maji. Kwa hivyo wa kwanza na wa pili pale juu wote wana ukweli wao. Mashine zililetwa. Wasomaji hawakukodiwa.

Na wale wanaotaka kliniki zote za skani zifungwe, pole, mimi siungi mkono. Mama wa Marafa au Bamba tayari amelipa nauli ya kufika mjini. Ukizifunga zote, atarudi nyumbani bila skani yoyote. Zipo zinazofanya kazi nzuri. Shida ni kwamba yeye, akiwa mlangoni, hana njia ya kuzitofautisha. Leseni ya baraza la madaktari ukutani inamwambia kituo kimeruhusiwa. Haimwambii aliyemshikia kifaa tumboni leo amesomea nini.

Hapa ndipo Katiba ya 2010 ina kifungu ambacho sijawahi kukisikia jukwaani. Wanasiasa wanapenda 43, haki ya afya. Someni 46: mtumiaji ana haki ya huduma ya ubora unaofaa na habari za kutosha kuhusu huduma hiyo, na fidia akiumizwa na kasoro. Kifungu chenyewe kinasema kinahusu mashirika ya umma na watu binafsi vilevile. Mgombea akija kwenu na ahadi ya mashine, muulizeni bajeti ya mshahara wa msomaji iko ukurasa gani. Mwingine akisifu kliniki binafsi, muulizeni kama atakubali kila ripoti ya skani iwe na jina, cheo na sahihi ya aliyeifanya.

Dadangu ameniruhusu kuandika haya. Karatasi yake bado iko ndani ya kitabu cha Mama na Mtoto. Mahali pa sahihi pana muhuri wa kliniki tu.