Nje HP, ndani Canon

Soma vizuri boksi la tona kwenye saiba yoyote hapa Chekalini. Zile za bei nafuu huwa na majina kibao: HP 35A, 36A, 85A, halafu hapo chini, Canon 725. Tona moja, kampuni mbili zinazoshindania wateja walewale. Wengi hudhani ni Wachina wameamua kuiga kila mtu kwa mpigo mmoja. Hapana. Katriji zinaingiliana kwa sababu injini ya printa zenyewe ni ya Canon, hata kwa zile zilizoandikwa HP. Mpango huo ulishika mwaka wa 1984.

Printa ya leza yenyewe haikuanzia Japani. Gary Starkweather, injinia wa Xerox, alipata wazo mwishoni mwa miaka ya sitini akiwa Webster, New York, na wakubwa wake wakamkatalia. Mwaka wa 1971 akahamia maabara ya PARC kule California, na kabla mwaka kuisha mashine ilikuwa inafanya kazi. Mwale wa leza unachora herufi kwenye dramu yenye chaji ya umeme, unga unanasa pale palipochorwa, karatasi inaubeba, joto linauyeyusha. Printa inayotoa cheti chako cha pini ya KRA inafanya hivyo hivyo hadi leo.

Xerox wakaja kuuza yao, 9700, mwaka wa 1977: dubwana la kurasa 120 kwa dakika, la wenye kompyuta za kujaza chumba. Ofisi ndogo? Hawakuwa na habari nazo.

Canon ndio walioona kwamba shida ni kumngoja fundi. Mwaka wa 1982 walitoa mashine ndogo ya fotokopi, PC-10, ambayo dramu na unga vilikaa ndani ya katriji moja. Ikiisha unaichomoa, unaweka nyingine, basi. Akili hiyo wakaipeleka kwenye injini ya leza iliyoitwa CX, wakawauzia wengine waiwekee ubongo na jina lao. HP walitoa LaserJet mwaka wa 1984 kwa dola 3,495. Mwaka uliofuata Apple wakaleta LaserWriter kwa dola 6,995. Injini ile ile, bei karibu mara mbili! Apple walikuwa wameongeza PostScript, lugha ya kupanga ukurasa mzima, herufi na picha pamoja. Iliandikwa na Adobe, kampuni ya John Warnock na Charles Geschke, waliotoka PARC mwaka wa 1982 baada ya kuchoka kungoja Xerox wauze kazi yao. Xerox tena, yaani.

Kwangu mimi, mvumbuzi mkubwa hapa ni ile katriji. Bila hiyo, saiba ya kijijini ingekuwa inangoja fundi kutoka Eldoret kila unga ukiisha. Lakini ndiyo pia inayomkaba mwenye saiba: anaprinti kwa bob kumi ukurasa, halafu tona orijino inameza faida yote. Ndiyo maana vijana hutoboa katriji kuukuu na kuijaza unga upya.

Na mambo yamebadilika kidogo. Mwaka wa 2017 HP walikamilisha kununua biashara ya printa ya Samsung. HP Laser 107 imetoka ukoo huo, na katriji yake ina chipu. Ukiipelekea 85A yako haiingii, ingawa zote mbili zimeandikwa HP.