Komboa na Okoa: Vitenzi Viwili vya Wokovu katika Historia ya Kiswahili

Imani ya Kikristo hufundisha kwamba mwanadamu hawezi kujitoa mwenyewe katika dhambi; Mungu ndiye amtoaye. Fundisho hilo limebebwa katika Kiswahili na vitenzi viwili hasa, komboa na okoa. Aghalabu vitenzi hivi huchukuliwa kuwa visawe. Historia ya matumizi yake katika Afrika ya Mashariki yaonyesha kwamba sivyo.

Komboa ni kitenzi cha mali na deni. Aliyeweka kitu rehani hukikomboa kwa kulipa alichokopa, na mateka hukombolewa kwa fidia. Kwa hivyo ndani ya kitenzi hiki mna watatu: mwenye kushika, mwenye kushikwa na mwenye kulipa. Agano Jipya la Kiyunani nalo lilichukua msamiati wake kutoka bei ya watumwa na mateka, na Biblia ya Muungano ya 1952 ikaufasiri kwa maneno fidia na ukombozi.

Huko Rabai, karibu na Mombasa, jambo hilo halikuwa istiari tupu. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikuwa wamekimbilia misheni iliyoanzishwa na Krapf na Rebmann mwaka 1846. Mabwana zao walipodai warudishwe, George Mackenzie wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki alikubali kuwalipa mabwana hao, na tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikatolewa. Waliokombolewa walikuwa takriban 1,400.

Lakini malipo yale yalikuwa na tatizo lake: kumlipa bwana ni kukiri kwamba alikuwa na haki. Swali hilo hilo liliwahi kuisumbua teolojia. Katika karne ya 3 Origen alifundisha kwamba fidia ilitolewa kwa Shetani. Anselm wa Canterbury, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098, alikataa kwamba Shetani ana haki yo yote ya kulipwa. Deni la dhambi, alisema, ni la Mungu mwenyewe.

Okoa hakina utata huo. Mtu huokolewa katika moto, maji au mnyama mkali, na wala moto haulipwi. Hatari haina haki juu ya aliyemo ndani yake. Hata hivyo, kitenzi hiki nacho kilipata mkondo wake. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, na kuenea hadi Uganda, Kenya na Tanganyika, uliipa nguvu kauli ya kutendeka: okoka. Wakati wa vita vya Mau Mau katika miaka ya 1950, wako waliokataa kula kiapo kwa sababu walikuwa wameokoka, na baadhi yao waliuawa. Neno hilo, basi, halikuwa jepesi vinywani mwao.

Hapo ndipo sarufi inapohitaji kuangaliwa. Ameokolewa huruhusu kuulizwa: na nani? Ameokoka hairuhusu swali hilo. Hutaja hali ya mtu na kumwacha mtenda nje ya sentensi. Watu wa uamsho waliliziba pengo hilo kwa ushuhuda na kwa wimbo wa Kiganda, Tukutendereza, unaomsifu Yesu. Palipo na ushuhuda huo, mtenda hajapotea. Usipokuwapo, kuokoka huweza kusikika kama sifa ya mtu mwenyewe.

Ukombozi nao ulishika njia ya siasa. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipounda Kamati ya Ukombozi mwaka 1963, yenye makao yake Dar es Salaam, neno lilimaanisha kuvunja utawala wa kigeni, si kuulipa. Mwenye kushika alikwisha kupokonywa haki yake.

Kwa hivyo mfasiri anayechagua kati ya vitenzi hivi hachagui pambo la lugha. Komboa hukumbusha gharama, okoa hukumbusha hatari, na okoka humkumbusha mtu hali yake. Imani inayosema kwamba Mungu ndiye mtenda haina budi kuchunga mahali anapotajwa.