Tiba ya Fikra na Tabia: Inamfaa Nani Kutulo?

Tiba ya fikra na tabia ni matibabu ya mazungumzo. Daktari wa akili Aaron Beck aliiasisi Philadelphia, Marekani, miaka ya 1960. Mgonjwa na mtaalamu hukutana, kwa kawaida mara moja kwa wiki, vikao 5 hadi 20, wakifuatilia wazo linavyozaa hisia, hisia inavyozaa tendo, na tendo linavyolipa wazo lile lile nguvu. Husaidia sonona, hofu iliyopitiliza na jeraha la moyo libakialo baada ya tukio la kutisha.

Kutulo, nchini Kenya, iko kwenye njia ya Wajir kwenda Elwak, pale kaunti za Wajir na Mandera zinapokutana, na hofu ya huku ina sababu. Tarehe 22 Novemba 2014 abiria 28 wa basi lililotoka Mandera waliuawa. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Anayesema barabara ni ya hatari hajakosea, na mshauri anayetaka kumtoa katika imani hiyo hajui kazi yake.

La kuamua kwanza, basi, ni kama hofu imeipita hatari yenyewe. Mama mwenye duka anayekataa kusafiri usiku na anayengoja msafara wenye askari ana busara tu. Lakini ikiwa miezi imepita na hapandi gari hata mchana kwenda kwa dada yake hapo jirani, halali, na mlango ukibamizwa anatetemeka, hapo tiba ina kazi. Atasimama stendi, siku nyingine ataketi ndani ya gari lililozimwa, kisha safari fupi, akirudia kila hatua mpaka moyo utulie.

Mfugaji aliyefiwa na mifugo katika ukame wa 2020 hadi 2023 ana shida tofauti. Kwamba amefilisika ni kweli. Kwamba yeye si mtu tena, si kweli. Kwake ni heri kuanzia kwenye tendo: arudi msikitini kwa sala ya alasiri, kisha kwenye chai ya wazee, kabla fikra hazijaguswa. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa vikao 5 wenye mwelekeo huo, usiohitaji kubishana na mawazo. Ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, na matokeo ya 2017 yalionyesha nafuu, ingawa walioutoa walikuwa wahudumu wa afya ya jamii, si madaktari.

Wapo ambao tiba hii si ya kuanzia. Anayesikia sauti zisizokuwepo anahitaji daktari na dawa kwanza. Anayewaza kujiua apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Aliyekosa chakula apewe chakula.

Lugha nayo ni sharti. Mtu asiyeweza kulia na kubisha kwa Kisomali chake atatoa majibu ya adabu tu, na mkalimani wa ukoo mmoja naye anaweza kumfunga mdomo. Kisomo cha sheikh hakizuii tiba hii. Viwili hivyo huenda pamoja. Muulize mshauri kama amesajiliwa chini ya Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014. Kama mtaalamu yuko mbali, nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bure. Vikao vinne vikipita bila badiliko lolote, mwambie mshauri waziwazi, mbadili njia.