Sultani al-Hassan bin Suleiman wa Kilwa alikuwa nani?

Al-Hassan bin Suleiman alitawala Kilwa Kisiwani, katika mkoa wa Lindi wa leo, mwanzoni mwa karne ya 14. Watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Zawadi.

Utajiri wake ulitoka wapi? Wasikilizaji wetu wa Kabungu na Mpanda mnajua jinsi dhahabu inavyovuta watu. Dhahabu iliyoitajirisha Kilwa ilichimbwa mbali, katika Zimbabwe ya leo, ikapitia bandari ya Sofala, Msumbiji. Sarafu ya shaba yenye jina la Sultani huyu imepatikana katika magofu ya Great Zimbabwe. Kule Kilwa alijenga kasri la Husuni Kubwa, lenye bwawa la pembe nane.

Mwaka 1331 alitembelewa na Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco. Msafiri huyo anasimulia kwamba baada ya sala ya Ijumaa, fakiri kutoka Yemen alimwomba Sultani nguo alizovaa. Sultani akazivua, akampa. Mwanawe akazikomboa kwa kumpa fakiri watumwa 10. Watu walipomsifu Sultani, akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Ibn Battuta anaeleza pia kwamba Sultani alikuwa akivamia nchi za jirani na kuteka nyara. Kwa hiyo tunapomtaja Baba wa Zawadi, tuwakumbuke pia watu waliogeuzwa kuwa zawadi.

Magofu ya Kilwa Kisiwani ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1981.