Nyoka wa Nokia arudi, lakini abaki mwepesi

Bandugu, nikiulizwa mchezo gani wa zamani utengenezwe upya, mimi nachagua Nyoka. Mzizi wake ni Blockade, mchezo wa Marekani wa 1976. Mwaka 1997 Taneli Armanto akautengeneza kwa ajili ya Nokia 6110. Watu wawili walishindana simu zao zikitazamana, bila mtandao. Mwaka 2017 ukarudi na rangi kwenye Nokia 3310 mpya. Lakini kwetu Kaniama shida haikuwa rangi. Shida ni mega na chaji, na michezo mingi ya leo inakula vyote viwili. Nyoka haukuomba mega hata moja. Njo maana tukiutengeneza upya, wepesi ule usiguswe. Siye wenye kusoma informatike, hiyo kazi inatungojea.